Pini za Kifaru

Watu wa kwetu waliiita kifaru kabla haijatembea hata hatua moja, na jina hilo ndilo lililotuletea chifu. Sisi wawili tulioiunda, mimi na baba mdogo, tuliiita mashine tu.

Baba mdogo alirudi kutoka jeshini mwanzoni mwa miaka ya tisini. Alikuwa sajenti, na kwa karibu miaka ishirini kazi yake ilikuwa kutengeneza vifaru. Hakuviendesha vitani wala hakupiga mizinga. Alilala chini yake na spana. Wanaume wa rika lake walimzunguka majuma ya kwanza wakingoja hadithi za vita, na alipoanza kuwaeleza habari za gia na oili waliondoka mmoja mmoja. Nikabaki mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Nilikuwa nimesomea uchomeleaji katika chuo cha ufundi cha Sigalagala, msichana pekee darasani, kisha nikafungua kibanda katika soko dogo kwenye barabara ya kwenda Ekero, pale stima ilipokuwa imefika. Nilichomelea milango na madirisha, lakini kazi kubwa ilikuwa trela za miwa. Mvua za masika zikianza, udongo mweusi wa bondeni uligeuka uji. Trekta zilishuka kuchukua miwa zikazama hadi tumboni, na walipozivuta kwa nguvu, ekseli zilikatika. Mimi nilipata kazi, na wenye miwa walipata hasara.

Mwaka ule miwa ya baba mdogo mwenyewe ilikatwa, ikalala shambani majuma matatu. Hakuna trekta iliyokubali kushuka. Nilimkuta amesimama kwenye ukingo wa shamba akiitazama ikikauka.

"Kifaru kina uzito wa lori kadhaa," aliniambia, "na kingepita hapa."

Nilidhani ananitania. Akaokota ubao uliokuwa umeanguka kutoka kwenye trela, akaulaza juu ya matope, akaniambia nikanyage. Nikakanyaga, sikuzama. Akaniambia nishuke. Nikashuka, na matope yakameza gumboti yangu hadi juu.

"Umeona, mama? Trekta inakanyaga matope. Kifaru kinabeba barabara yake na kuitandika mbele."

Ndivyo ilivyoanza. Jirani mmoja alikuwa na trekta kuukuu iliyovunjika sehemu ya mbele, kuku wakitagia chini ya kiti chake. Alitupatia bure, mradi tuiondoe. Tuliikokota kwa ng'ombe hadi nyuma ya kibanda changu. Mpango wa baba mdogo ulikuwa rahisi kuueleza: kutoa magurudumu ya mbele, kuweka mengine yasiyogeuka, kisha kuzungusha mnyororo mpana wa vibao vya chuma kila upande, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma. Ili kugeuka kulia unafunga breki ya kulia, upande wa kushoto unaendelea kwenda, na mashine inazunguka. Vibao tulivikata kutoka kwenye fremu za malori yaliyokufa, arobaini na vinne kila upande. Kila kibao kiliungwa na mwenzake kwa pini nene kama kidole gumba.

Alikuwa na sharti moja. Kila kitu kitoke hapa kwetu, na kila kitu tuweze kukiunda upya wenyewe kikiharibika. Siku moja nilimwambia kwamba kuna duka Kisumu linaloweza kutuagizia minyororo kutoka ng'ambo. Aliendelea kupima kibao chake kama hakusikia.

Mashine ya kwanza ilitembea urefu wa uwanja wa kanisa. Ilipogeuka, mnyororo ulivuka ukingo wa gurudumu ukalala chini. Tulirudi tukachomelea pembe mbili katikati ya kila kibao, gurudumu likawa linapita kati yake, mnyororo ukatulia. Kisha magurudumu madogo ya chini yakawa yanagonga mawe na kupasuka, kwa hiyo tukayawekea springi za pikapu. Kila kosa lilizaa siku mbili tatu za kazi. Nilizipenda siku hizo. Tulikula obusuma, ugali wa kwetu, na mboga tukiwa tumekaa juu ya vyuma, yeye akichora kwa kaa kwenye ukuta wa kibanda, mimi nikimwambia mchoro wake hauchomeleki.

Ilikuwa miaka ya vyama vingi, na habari za silaha zilipita midomoni mwa watu kwa urahisi. Jumatatu moja chifu alifika na askari wake wawili. Alizunguka mashine mara mbili, mikono nyuma.

"Sajenti," alisema, "watu wanasemanga unaunda kifaru."

"Naunda trekta ya matope, chifu."

"Na mzinga?"

"Hakuna mzinga."

Chifu alinyoosha kidole. "Na hii?"

"Ni ekzosi."

Chifu alikaribia, akachungulia ndani ya bomba, akajipaka masizi puani. Askari mmoja alitazama juu ya mti. Chifu hakuwa mtu mbaya. Alijipangusa, akasema kwamba Ijumaa ofisa wa tarafa angekuja kambini kwake, na mashine ipelekwe hapo ikaonekane hadharani. "Ikikaa hapa nyuma ya kibanda, maneno hayataisha. Na ofisa akisikia kabla hajaona, itakuwa mbaya kwako na kwangu."

Tatizo lilikuwa pini. Zile za kwanza zilikuwa zimelika hadi zikapinda kama ndizi. Baba mdogo alitaka mpya zitokane na ekseli za malori, chuma kigumu kweli kweli, na kukikata kulikula siku nzima kwa pini chache. Kufikia Jumatano usiku tulikuwa tumemaliza upande wa kushoto tu. Alhamisi akapanda basi kwenda Kakamega mjini kutafuta chujio la dizeli. Aliniambia, "Tukikosa kumaliza, tutamwomba chifu siku nyingine."

Mimi niliona aibu ya kuomba siku nyingine. Niliwaza ofisa akingoja, na watu wa soko wakisema mzee na binti wameshindwa. Nilichukua nondo za ujenzi, chuma laini kinachopindika kwa mkono wa mtu mwenye nguvu, nikazikata, nikazisugua zikawa nyororo, nikapata pini arobaini na nne kabla ya saa kumi. Kisha nikazitumbukiza kwenye oili chafu ili rangi yake ifanane na za upande wa kushoto. Aliporudi alikuta mnyororo wa kulia umefungwa. Aliupapasa kidogo.

"Umemaliza zote?"

"Nimemaliza."

"Umefanya kazi," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo bado inaniuma nikiikumbuka.

Ijumaa tuliondoka asubuhi, yeye kwenye kiti, mimi nikitembea kando. Watu walitufuata. Tulipanda vizuri. Kabla ya kambi ya chifu kuna mteremko kwenda kijitoni, na hapo alishika breki zote mbili. Nilisikia mlio mfupi, kama mtu amevunja muwa gotini. Mnyororo wa kulia ulifunguka ukabaki nyuma barabarani. Upande ule haukuwa na breki tena. Mashine ilijizungusha kwenye mnyororo wa kushoto, ikateleza upande, ikaingia mtaroni na kulala. Baba mdogo alirushwa akaangukia bega.

Nilimfikia wa kwanza. Alikuwa na fahamu, rangi ya uso imebadilika. "Zima injini," ndilo neno lake la kwanza. Nikaizima.

Chifu na ofisa walikuja kwa miguu kutoka kambini. Ofisa alikuwa kijana mwenye kofia ya kazi, na alisimama juu ya mtaro akitazama kwa muda mrefu vile vyuma vilivyofunikwa na matope.

"Hiki ndicho kifaru?" alimwuliza chifu.

Chifu alifungua daftari lake.

"Andika ni trekta," alisema ofisa. "Andika imeharibika." Kisha akamwambia dereva wake alete Land Rover ampeleke sajenti hospitali.

Kwa hiyo zile pini zangu mbovu ndizo zilizotuondolea kesi, na wengine sokoni walisema ni bahati. Mimi sikuweza kusema hivyo. Hospitalini Kakamega waligundua mfupa wa mtulinga umevunjika, wakamfunga mkono kifuani. Nilikaa kando ya kitanda hadi mgonjwa wa kitanda cha pili alipolala, ndipo nikasema.

"Baba, zile pini za kulia zilikuwa nondo."

"Zote?"

"Zote."

"Nilizipapasa. Zilikuwa nyeusi."

"Nilizitia oili."

Aligeuza uso akatazama dari. Nilingoja anikaripie. Nilitamani anikaripie.

"Nondo ni haraka," alisema baadaye. "Haraka naielewa. Oili ndiyo sielewi."

Nililia kidogo, bila sauti, na aliniacha nilie. Kisha akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu wa nyumbani. Kambini kwao kifaru kimoja kiliwahi kusimama miezi saba kikingoja pini kutoka ng'ambo. Miezi saba, kwa kipande cha chuma kinachoingia mfukoni. Yeye akaunda pini hiyo kwa ekseli ya lori, akaiweka, kifaru kikatembea. Walipogundua walimvua utepe mmoja begani.

"Kwa sababu ilikuwa mbovu?" niliuliza.

"Ilikuwa nzuri kuliko ya kwao. Walinivua kwa sababu niliiweka bila kumwambia mtu wala kuandika popote. Ingekatika, nani angejua pa kutafuta? Niliwachukia miaka mingi, mama. Lakini kwa hilo walikuwa na haki."

Aliporudi nyumbani tulianza upya. Ng'ombe walitoa mashine mtaroni. Mkono wake ulikuwa bado umefungwa, kwa hiyo alikaa kwenye kigoda na mimi nikawa mikono yake. Nilikata pini kutoka kwenye ekseli moja baada ya nyingine. Alinifundisha kuzipasha kwenye makaa hadi ziwe nyekundu kama nyanya iliyoiva, kuzizamisha kwenye oili, kisha kuzipasha tena polepole, kwa moto mdogo, hadi rangi ya samawati ianze kutambaa juu yake. Hapo unaitoa haraka. Ukichelewa inakuwa laini, ukiwahi inakatika kama glasi. Kisha unaijaribu kwa tupa, ile ya kusugulia vyuma. Tupa ikiteleza bila kuuma, pini imekubali. Ikiuma, unaanza tena. Kila pini niliigonga namba, na namba niliiandika kwenye daftari pamoja na jina la chuma chake. Hakuniamuru kuandika. Nilianza mwenyewe.

Tuliongeza upana wa vibao kwa kipande cha kiganja kila upande. Breki za miguu tulizibadilisha zikawa mikono miwili mirefu ya chuma, kwa sababu kwenye matope mguu unateleza. Kazi hiyo ilituchukua miezi minane.

Masika yaliyofuata mvua ilinyesha vibaya. Mwenye shamba wa kwanza kutuita alikuwa mjane mmoja wa karibu na mto, ambaye miwa yake ilikuwa imelala siku tisa. Bega la baba mdogo halikuwahi kurudi sawa, hakuweza kuvuta mkono wa breki ya kushoto kwa nguvu, kwa hiyo niliendesha mimi. Yeye alitangulia na fimbo, akichoma matope kupima kina chake, bila kugeuka kuniangalia. Tulishuka. Nilihisi chini yangu udongo ukitetemeka kama maziwa ya mgando, lakini haukufunguka. Wakataji walipakia trela. Nilivuta. Mashine ilinguruma, ikakaa mahali pake kwa muda ulionitoa jasho, kisha ikaanza kupanda, polepole kuliko mtu anavyotembea, na trela ikafuata nyuma. Juu barabarani mjane alitunyooshea mikono yote miwili tukaisalimia. Baba mdogo alipiga magoti kwenye matope akaanza kuhesabu pini.

Tulifanya kazi hiyo misimu minne. Hakuna pini iliyokatika, ingawa mengine mengi yaliharibika na tuliyabadilisha kila mara, hata katika msimu wa mwisho haikuwa mashine ile tuliyoanza nayo. Kisha barabara ya murram ikafika bondeni, lori zikawa zinashuka zenyewe, na watu wa kutuita wakapungua hadi wakaisha. Nilidhani atasikitika. Tuliifungua pamoja, spana kwa spana, kwa muda wa wiki moja. Vibao vingi vilikwenda kwenye kijito, watu wakapata mahali pa kuvukia. Injini tuliifunga kwenye kinu cha kusaga mahindi, hapo hapo sokoni, kando ya kibanda changu.

Siku ya tatu ya kinu kufanya kazi nilimkuta amelala chini yake juu ya gunia, macho yamefumbwa, mkono mmoja umeshika mguu wa chuma.

"Kinatetemeka," alisema. "Sikia. Hapa tunaweza kuweka chekeche la unga, litikisike lenyewe."

Nikainama nisikie.