Gari limejaa, mwenyewe hayupo: Jumwa na waya wa chaji Likoni

Saa mbili na robo asubuhi, na jua la Likoni tayari linachoma. Jumwa Kadenge amesimama kando ya gari dogo la kijivu, mkono mmoja kiunoni, akisoma namba kwenye kioo cha mashine ya kuchajia magari ya umeme. Asilimia tisini na mbili. Dereva amelaza kiti, ameweka miguu juu ya dashibodi, anatazama mpira kwenye simu.

"Kaka, themanini ilikutosha," Jumwa anamwambia. "Wenzako watatu wako nyuma."

"Nangoja mia, mama."

"Hiyo mia utaingoja sana. Ikishapita themanini inaingia kwa matone. Toka basi, nakuomba."

Dereva anacheka, hatoki. Anakuja kutoka dakika kumi na nne baadaye, bila kuaga, akiwa na asilimia tisini na sita. Jumwa anaufuta waya vumbi kwa kipande cha leso kuukuu, kisha anamwita anayefuata.

Mtu asiyejua anaweza kudhani kazi ya mhudumu wa kituo kama hiki ni kuchomeka waya na kuuchomoa. Kumbe kazi yenyewe hasa ni kuwabembeleza watu wazima waondoke. Na kuhusu kuchomoa, Jumwa haruhusiwi.

Mwandishi wa makala haya alidhani amesikia vibaya, akauliza mara ya pili.

"Siruhusiwi," Jumwa akarudia. "Mwenye gari asipokuwepo, siruhusiwi kuugusa waya wake. Hata gari likijaa. Hata likijaa tangu jana."

Sheria hiyo ni kifungu cha sita cha mkataba wake na kampuni inayoendesha kituo. Shingoni ana kadi inayoweza kusimamisha umeme, lakini amepewa kwa ajili ya moto, moshi au mafuriko tu. Kwa hiyo gari likimaliza kuchaji na mwenyewe akawa ametokomea, linabaki pale limeshikilia waya, kama mtu aliyeshiba akakataa kuachia sinia.

Kituo chenyewe kina nyaya mbili tu, chini ya paa la bati linalotosha magari mawili. Kiko karibu na barabara iendayo kivukoni, na wanaokitegemea zaidi ni madereva wa teksi za umeme.

Jumwa ana umri wa miaka arobaini na mitatu. Alizaliwa Kaloleni, na ana watoto watatu. Wa kwanza ni Ziro, anayesomea ufundi wa umeme chuoni, ndiyo maana hapa kituoni wengi humwita Mama Ziro. Mshahara wake ni shilingi 21,000 kwa mwezi, na karibu nusu yake huishia kwenye karo ya huyo Ziro.

Kabla ya kupata kazi hii aliuza maji kwa miaka tisa kwenye kioski kimoja mtaani Bofu. Na ni kule kioskini alikojifunza adabu ambayo, anasema, hapa haipo kabisa.

"Kule mtu huweka mtungi wake kwenye foleni akaenda kununua mandazi," anasimulia. "Ukijaa naye hajarudi, anayefuata anautoa, anauweka kando, anaweka wake. Hakuna wa kusema umeniibia. Kwa nini? Kwa sababu maji yakijaa yanamwagika, kila mtu anaona. Gari likijaa umeme halimwagi kitu. Limekaa tu, zuri, linang'aa. Utajuaje kuwa linamdhulumu mtu?"

Yeye mwenyewe alikuja kulijua hilo kwa njia ngumu.

Ilikuwa Jumatatu moja ya mwezi Machi mwaka huu. Saa mbili na nusu asubuhi aliingia Mwidani Abdulghani, dereva wa teksi mwenye umri wa miaka thelathini na minne, mkazi wa Bofu. Kwenye kiti cha nyuma alikuwa na mamake, Bi Mwanarehema, mgonjwa wa figo. Kila Jumatatu na Alhamisi saa nne, Bi Mwanarehema husafishwa damu kwa mashine katika hospitali moja ng'ambo ya kivuko. Alfajiri ile Mwidani alikuwa amempeleka abiria Diani na kurudi, na gari lilibakiwa na asilimia saba. Kuingia foleni ya feri na asilimia saba hakuthubutu. Alihitaji dakika ishirini tu za chaji.

Waya mmoja ulikuwa umeharibika tangu Ijumaa. Ule mwingine ulikuwa kwenye gari la buluu, jipya, lililojaa asilimia mia tangu saa mbili kasoro dakika ishirini. Mwenyewe hakuwepo.

Jumwa alipiga simu ofisini, ofisi ikampigia mwenye gari, simu ikawa imezimwa. Wakajaribu tena, vivyo hivyo. Mwidani akauliza, "Mama Ziro, sasa nifanyeje?"

"Nikamwambia, ngoja, anakuja sasa hivi," Jumwa anasema. "Nani aliniambia anakuja? Hakuna. Nilisema tu. Watu husema hivyo."

Mwidani akangoja. Mamake miguu ilikuwa imevimba, asingeweza kusimama kwenye msongamano wa watembea kwa miguu kule kivukoni.

"Kila nikitaka kumtafutia gari jingine, nasema huyu mtu atatokea tu," Mwidani anaeleza. "Wallahi, unakuwa mjinga. Umengoja nusu saa, unaona ukiondoka ile nusu saa imepotea bure. Basi unangoja tena."

Alingoja saa nzima na dakika kumi. Kadi ilikuwa shingoni mwa Jumwa, na waya wa mashine ni mrefu, unafika hadi gari lililosimama ubavuni. Lakini kifungu cha sita kilikuwa kifungu cha sita, na kazi alikuwa ameianza miezi minne tu iliyopita.

Mwishowe Mwidani alimhamishia mamake kwenye teksi ya petroli. Foleni ya feri ikawa ndefu. Walipofika hospitali saa tano kasoro dakika kumi, mashine ilikuwa imeshapewa mgonjwa mwingine, wakaambiwa warudi kesho asubuhi. Jioni hiyo Bi Mwanarehema alianza kuhema kwa shida. Maji yalikuwa yamepanda kwenye mapafu. Alilazwa siku sita, akipumua kwa oksijeni.

Jumwa hakuyajua hayo. Alichokijua siku ile ni kwamba saa tano na dakika tano mwenye gari la buluu alitokea kwenye hoteli iliyo mkabala, akiwa na faili kwapani. Anaitwa Phineas, wakala wa kutoa mizigo bandarini. Alikuwa kwenye kikao cha kamati ya harusi.

"Nikamuuliza, bwana, gari lako limejaa tangu asubuhi, mbona hukulitoa? Unajua alinijibu nini?" Jumwa anafungua macho kana kwamba ndiyo kwanza anayasikia maneno hayo. "Akaniambia, 'Mama, nilikuwa nataka kivuli.'"

Kivuli!

Gari lilikuwa limeingia pale likiwa na asilimia themanini na nane. Halikuhitaji chaji. Lilikuwa jipya, la mkopo, na mwenyewe hakutaka dashibodi ipasuke kwa jua. Paa pekee aliloliona lilikuwa la kituo hicho, na ili asifukuzwe akachomeka waya. Mwandishi huyu ameandika habari za Mombasa kwa miaka mingi, na hajapata kusikia mtu akilipia umeme asiouhitaji ili gari lake lisiote jua.

Siku ya nane Mwidani alirudi kuchaji. Hakugomba. Jumwa akamjulia hali, akamuuliza vipi mama, naye akamweleza yote kwa sauti ya kawaida huku akitafuta simu yake ya kulipia. Jumwa alikaa chini kwenye saruji, hapo hapo kati ya magari.

"Hakunilaumu hata neno moja," anasema. "Afadhali angenitukana. Mimi ndiye niliyemwambia angoje. Huyo bwana wa kivuli hata hakumjua, mimi nilikuwa namwona yule mama kwenye kioo, anajipepea na mtandio. Na kadi ninayo shingoni!"

Phineas alipokuja tena, Jumwa alimweleza mbele ya watu wote. Mwanamume huyo, ambaye ni kiongozi wa kwaya kanisani kwake, anakiri kuwa alishikwa na butwaa.

"Nilimwambia mbona sikuambiwa kuna mgonjwa. Akaniuliza, ungeambiwa vipi na simu umeizima?" Phineas anasema. "Mimi sijawahi kuchukua cha mtu. Nililipa. Nilidhani ukishachomeka, pale ni pako mpaka urudi. Sasa nikifikiria ile siku, tulikuwa tunabishana kuhusu rangi ya vitambaa vya meza. Saa tatu nzima, vitambaa!"

Alifunga safari hadi Bofu na kapu la matunda kwenda kuomba radhi. Bi Mwanarehema alimkaribisha, akamwekea chai na kaimati.

"Alikuwa ameona haya, maskini," bibi huyo anakumbuka akicheka. "Nikamuuliza, mwanangu, angalau hicho kivuli kilikuwa kizuri?"

Tangu siku ile Jumwa anachomoa. Gari likijaa, anampigia mwenyewe, maana siku hizi humwomba kila mteja namba ya simu. Asipopokea, anampa dakika kumi kwa saa ya mashine. Zikiisha, anasimamisha umeme kwa kadi, anautoa waya na kumpa anayefuata.

Utadhani amepewa zawadi. Hapana, amepewa barua mbili za onyo. Walalamishi wote wawili walikuwa na magari yaliyojaa. Mmoja alikuwa kwa kinyozi akinyolewa, mwingine hakusema alikokuwa ila aliandika kwamba mhudumu "hana heshima kwa mali ya watu". Barua ya tatu, ikija, itakuwa ya kufukuzwa kazi.

Msimamizi wa kampuni, Bi Caroline, alikubali kuzungumza kwa simu. "Waya ni mali yetu, gari ni mali ya mteja," alisema. "Likiharibika mikononi mwa mhudumu, atalipa nani?" Alipoulizwa kuhusu mgonjwa anayekosa mashine, alisema jambo hilo litajadiliwa Ijumaa.

Ijumaa hiyo ndiyo tegemeo la Jumwa. Kuna mkutano wa kampuni na watumiaji wa kituo, naye amekusanya sahihi za madereva hamsini na wanane wakitaka kifungu cha sita kibadilishwe: gari likijaa, dakika kumi, kisha mhudumu aruhusiwe kuchomoa. Sahihi ya kwanza ni ya Phineas. Bwana huyo pia ameahidi mabati na nguzo za kibanda cha pembeni, ili anayetafuta kivuli akipate bila kushikilia waya.

"Hiyo ya mabati ilinichekesha," Jumwa anasema. "Lakini ni kweli. Jua la hapa si la mchezo. Mtu ana shida yake, mpe dawa yake, asichukue ya mwenzake."

Alhamisi, siku moja kabla ya mkutano, mwandishi huyu yuko kituoni saa mbili na dakika ishirini pale teksi ya Mwidani inapoingia. Nyuma yumo Bi Mwanarehema. Asilimia tisa. Usiku kucha mtaa wao haukuwa na umeme, na Mwidani huchajia nyumbani anapoweza.

Waya mmoja uko kwenye teksi iliyofika punde, betri karibu tupu. Mwingine uko kwenye gari jeupe lililojaa dakika kumi na mbili zilizopita. Jumwa ameshampigia mwenyewe mara tatu. Simu inaita, haipokewi.

"Shikamoo, mamangu," Jumwa anasema dirishani.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Mwidani anashuka haraka, anasimama kati ya Jumwa na lile gari jeupe. "Mama Ziro, usiguse. Una barua mbili. Leo sitangoja, nampeleka mama kwa gari jingine. Kesho ndiyo mkutano wako, usijiharibie."

"Gari jingine liko wapi?"

Mwidani anatazama barabarani. Hakuna teksi hata moja.

Jumwa anavua kadi shingoni. Anaigusisha kwenye mashine, anautoa waya kwenye gari jeupe na kuuchomeka kwenye teksi ya Mwidani.

"Jumwa," Bi Mwanarehema anaita kwa sauti ndogo, "na wakikufukuza?"

"Wakinifukuza, mamangu, Jumatatu utanikuta kwenu Bofu nauza maji. Lakini leo unafika saa nne."

Dakika kumi na nane baadaye teksi inaondoka kuelekea kivukoni. Saa nne kasoro dakika tano simu ya Jumwa inalia. Ni ujumbe wa Mwidani: mama ameshalazwa kitandani, mashine inafungwa. Jumwa anausoma mara mbili na kufuta macho kwa ncha ya leso.

Saa nne na nusu mwenye gari jeupe anafika, mfuko wa ununuzi mkononi. Anautazama waya uliotundikwa mahali pake. Anataka kujua ni nani aliyemchomolea waya bila ruhusa, maana analipeleka jina hilo ofisini sasa hivi.

"Ni mimi," Jumwa anamjibu, na kumsogezea kalamu. "Jumwa Kadenge. Andika pia gari lilijaa saa ngapi, na wewe umerudi saa ngapi. Hiyo barua yako nitaisoma mwenyewe kesho, mbele ya wote."