Nyaya za Mume Wangu na Masikio Yangu

Mpwa wa mume wangu alipokuja likizo kutoka Maskati alimletea mjomba wake nyaya za spika, nene kama kidole gumba, zimelazwa kwenye boksi lenye kitambaa laini utadhani mkufu wa bibi harusi. Mume wangu ana duka la vitambaa hapa Bagamoyo, ila moyo wake uko kwenye redio. Akaniambia nyaya mpya hazitoi sauti yake halisi mpaka zitumike muda mrefu. Basi redio ikawa inaimba kutwa, yeye dukani, mimi jikoni, sebuleni vinasikiliza viti.

Nikamwambia waya ni waya. Akaniuliza mbona mimi chungu kipya nakilaza na maji, nakipikia uji, ndipo nakipa mchuzi. Nikamjibu chungu kina vitundu, kinakunywa. Waya unakunywa nini? Akaongeza sauti ya redio.

Baada ya majuma kadhaa akaniita. Zimefunguka, akasema, sikiliza kinanda kilivyosogea karibu. Nikamjibu sisikii tofauti yoyote, na hilo lilikuwa kweli kuliko alivyodhani. Siku hizo nilikuwa nasikia kidogo mno, na sikutaka mtu ajue.

Kila alasiri nasomesha Kurani akina mama wa mtaani kwetu. Kazi yangu ni sikio tu: msomaji akitamka herufi sini, iliyo nyepesi, mahali pa swadi, iliyo nzito, namrudisha. Mwaka ule nilianza kuwatazama midomo badala ya kuwasikiliza. Cha ajabu, makosa yalipungua, nami nikamshukuru Mungu kwa kunipa darasa lenye bidii.

Binti yetu ndiye aliyenigundua, kwa kuwa kwenye simu nilikuwa najibu yasiyoulizwa. Akanipeleka hospitali Dar es Salaam, nikarudi na mashine mbili ndogo za kuvaa masikioni. Muuguzi alinisihi nizivae kila siku, nitazizoea. Nilizivaa siku moja. Kijiko kilipiga kelele, kanga yangu ilichakarika, samaki kwenye mafuta wakawa mvua juu ya bati. Darasani kila herufi ilikuwa mluzi. Nikazivua, nikazifunga kwenye leso na kuzificha kwenye mtoto wa meza, nikaamua kuwaambia akina mama watafute mwalimu mwingine. Uamuzi ule uliniuma kuliko msiba.

Mume wangu alizikuta alipokuwa anatafuta udi. Nilingoja anicheke, maana ilikuwa zamu yake. Hakucheka.

"Ulinivumilia na nyaya zangu," alisema. "Zivae, nami nitakuvumilia."

Tangu hapo kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani, aliniwekea kisomo cha Kurani kwa sauti ya chini, akaketi kando yangu nikifuata kwenye msahafu. Nilinung'unika sana, na yeye alikunywa kahawa yake kama vile hasikii. Polepole vijiko vikanyamaza. Kisha sini ikarudi kwenye meno na swadi ikawa nzito kinywani, kila moja mahali pake. Nikamwambia mashine hazijabadilika hata chembe, wala nyaya zake hazikubadilika. Kilichozoea ni kichwa, changu na chake. Akasema nusu ya maneno yangu anaikubali, nusu nyingine nyaya zenyewe zinaijua. Nikamwacha nayo.

Alasiri moja, ule uamuzi wangu nikiwa bado sijawatangazia akina mama, nikaingia darasani nimezivaa chini ya mtandio, sikumwambia mtu. Alisoma mama mmoja kijana, akafika penye swadi, akatamka sini. Nimefumbua mdomo nimrudishe, nikasikia kutoka pembeni sauti ndogo, nyembamba, ya mwanafunzi wangu mkubwa kuliko wote, anayeuza vitumbua sokoni.

"Swadi, mwanangu. Nzito."

Kijana akarudia, sawasawa. Hakuna aliyeinua uso, hakuna aliyeshangaa, walikuwa wamezoea. Ndipo nikafahamu makosa ya mwaka mzima yalikwenda wapi. Walikuwa wakisahihishana kwa kunong'ona, mbele yangu, ili nisiondoke kwenye mkeka wangu.

Niliinamia msahafu mpaka macho yakakauka. Kisha nikamgeukia yule muuza vitumbua.

"Sema kwa sauti, dada," nikamwambia. "Sasa nasikia."