Kugeuza Mti

Nilirudi chuoni nikiwa na miaka arobaini na tisa, jozi mbili za miwani na goti moja la kutegemewa. Nilitaka kujua ubongo hufanya nini mtu anapofikiria kitu ambacho bado hakipo. Nikachukua kompyuta na kofia ya waya, ile inayonasa umeme mdogo wa ubongo kupitia ngozi ya kichwa, nikaenda Wamunyu kwa wachonga vinyago.

Wiki tatu za kwanza nilivuna takataka. Kila tezo, kile kishoka cha kuchongea, ilipogonga mti, mistari kwenye kioo cha kompyuta iliruka kama kuku waliofunguliwa. Mchongaji akikaza shingo na taya, kofia husikia misuli tu. Msimamizi wangu, ambaye kwa umri ningeweza kumfundisha darasa la nne, aliniandikia nilete rekodi moja safi kufikia Ijumaa. La sivyo niache wachongaji, nikapime wanafunzi wakibonyeza vitufe. Nilijijua: nikiacha safari hii, sitarudi tena.

Jumatano nikamwomba mzee aliyenikaribisha kwenye kibanda chake atulie bila tezo, afumbe macho, awaze twiga. Akafumba. Mistari ikalala vizuri sana.

"Ulimwona twiga, mzee?"

"Hapana. Nilikuwa nafikiria mbuzi wangu. Nimemfunga na kamba mbaya."

"Lakini nilikuomba twiga."

"Twiga gani? Hujanipa mti."

"Daktari, basi mpime mbuzi," akasema jirani yake bila kuinua macho kwenye msasa. Kibanda kizima kikacheka. Nami nikacheka, kidogo.

Alhamisi nilimvalisha kofia mapema, nikamkabidhi kipande cha mti. Kama kawaida nikakaa na kikombe cha chai, nikingoja ainue tezo ndipo nibonyeze kitufe cha kurekodi. Akakigeuza kile kipande. Akalowesha kidole gumba, akasugua, akakigeuza tena. Nikamuuliza kama mvua imefika shambani kwake.

Akaweka mti chini.

"Mbona hubonyezi?"

"Nakungoja uanze."

"Nilikuwa nimeanza. Nikishika tezo, hiyo ni kazi ya mkono. Kufikiria nimemaliza." Akanitazama kwa huruma. "Hapa kwetu mtu akigeuza mti hasalimiwi, hata na bibi yake. Wewe kila siku unaniuliza habari ya mvua."

"Na hukuniambia?"

"Nilidhani chuoni ndivyo mnafanya."

Wiki tatu nilikuwa nimezima mashine wakati wa kufikiria, nikaijaza saa hiyo kwa porojo, kisha nikarekodi misuli kwa bidii. Nikasogeza chai mbali. Nikabonyeza, nikafunga mdomo. Mzee akageuza ule mti dakika nyingi, ametulia, hata taya halitikisiki, na mistari ikapita safi hadi mwisho wa kioo.

Niliituma rekodi hiyo kabla ya Ijumaa. Msimamizi akajibu: "Hii nzuri. Wale wengine je?"

Rekodi za wale wengine zilikuwa bure, zote. Ilibidi kuanza upya, mchongaji mmoja baada ya mwingine, kofia ile ile, goti lile lile. Sikumwomba msimamizi aniongezee muda, nilimwambia nimeshaanza.

Jumatatu nilipofika kibandani, jirani wa mzee, yule wa mzaha wa mbuzi, alikuwa ameinamia kipande kipya, anakigeuza. Nikaweka mzigo chini polepole, nikakaa. Sikumsalimu.