Maji Yaliyoachwa Jabalini

Chupa ya plastiki ikiminywa mkononi hutoa mlio mkavu, na mimi kila nikiusikia hapa Nkuhungu, mjini Dodoma, ninapoishi, hugeuka kutazama nani ameacha nini. Wenzangu kazini wananicheka, wanadhani nina wazimu wa usafi. Ngoja niwasimulie ninyi, maana wao sijawahi kuwaambia.

Nimelelewa na Bibi, mama yake mama, katika kijiji kimoja upande wa Bahi. Nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na jabali kubwa. Ukipanda juu yake uliiona mbuga yote imelala chini, ya kijani mwaka wa mvua, ya kahawia miaka mingine. Chini ya jabali, mahali penye kivuli, ndipo watu wetu walipoombea mvua. Bibi hakukosa kanisani Jumapili, lakini mvua ikichelewa alikoroga unga wa uwele kidogo kwa maji, akaenda kuuacha pale, na sikuwahi kuona mambo hayo mawili yakimgombanisha. Sharti lilikuwa moja tu. Kitu alichokiacha mtu jabalini akiomba, mwingine hakigusi. Ukikigusa umelikatiza ombi lake njiani.

Kisha wakaanza kuja watalii: Wazungu wachache, wanafunzi wa vyuo vya Dodoma, watumishi na familia zao siku za mapumziko. Walipanda, wakapiga picha, wakateremka kupumzika kivulini, wakaondoka. Nyuma yao zilibaki chupa, nyingine zikiwa na maji nusu.

Maji! Sisi tuliyafuata mbali na ndoo kichwani, shingo zikituuma, na wageni wakayaacha pale pale tulipokuwa tukiyaombea. Bibi alipoiona chupa ya kwanza aliinama akaitazama bila kuigusa.

"Watu hawa wana adabu," akasema. "Sisi tunaleta unga, wao wameleta maji yenyewe."

Tangu siku hiyo tukaamriwa kuwasalimia wageni vizuri. Zikaja chupa nyingine, mifuko, karatasi za pipi zinazong'aa, makopo ya soda. Vyote vikarundikana kivulini, na sisi tukavipita kwa heshima tukinyanyua miguu. Mbuzi tu ndio waliokosa adabu, wakitafuna mifuko mpaka tuwafukuze kwa mawe.

Mwaka mmoja mvua ikachelewa kupita kiasi. Mashamba yalikuwa yamekwisha kusafishwa, mbegu za uwele zinasubiri kwenye kibuyu, na watu wazima walianza kuongea kwa sauti ya chini wakati wa kula. Mimi nilikuwa mtoto wa maswali. Nikajiuliza: hawa wageni, wanaoacha vingi kutushinda, wanaomba nini hasa? Nikawachunguza. Wingu likitanda, wananuna. Jua likitoka, wanashangilia na kupiga picha. Nikapata jibu. Wanaomba jua! Na kwa wingi wa chupa zao, ombi lao lilikuwa limelifunika letu.

Sikumwambia Bibi, nilitaka kwanza kuhakikisha. Jumamosi likaja kundi la wanafunzi, nami nikakaa karibu na kivuli. Dada mmoja mwenye kofia pana akaiweka chupa yake chini ya jabali, ina maji zaidi ya nusu. Nikapiga moyo konde.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Hujambo?"

"Sijambo. Dada, umeomba nini?"

"Nimeomba? Kwa nani?"

"Hapo. Si umeacha maji?"

Akaitazama chupa, akanitazama mimi. "Aa, hayo? Yamepata moto tu, hayanyweki. Sijaomba kitu mimi."

Nikawauliza na wenzake. Hakuna aliyekuwa ameomba. Yule dada alicheka, lakini nilipomweleza kwa nini nauliza, kicheko kikamkauka. Akaiokota chupa yake bila kuambiwa, kisha akaanza kuokota na za wenzake.

Nilikimbia nyumbani nusura nianguke. Bibi alikuwa anapepeta uwele.

"Bibi, hawaombi jua! Hawaombi kitu chochote!"

Ungo ukatulia mikononi mwake. "Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akauliza tena, nikamjibu vilevile. Jioni ile hakula.

Asubuhi aliwaita wanawake wenzake, wakaenda na magunia wakapasafisha. Baada ya hapo sisi watoto ndio tukawa walinzi. Mgeni akiweka kitu chini, tunamsalimia, tunamuuliza anaomba nini. Wengi waliona haya, wakainama na kuokota. Baba mmoja, mtumishi kutoka mjini, alifikiri sana, akasema anaomba mkewe apone. Chupa yake hatukuigusa.

Mvua ilikuja ilipotaka yenyewe, na tukapanda.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba Bibi alikosa hamu ya chakula kwa hasira ya uchafu ule. Nilishangaa hata hivyo, kwa sababu mimi nilimpelekea habari njema: hakuna mtu anayetuzuilia mvua. Ukubwani ndipo nilipoelewa. Muda wote ule, kila alipoikuta chupa mpya yenye maji, Bibi aliamini kwamba watu wa mbali, wenye magari na kofia nzuri, wamepanda mpaka kwetu kutusaidia kuomba. Na mimi, kwa mbio zangu na furaha yangu yote, ndiye niliyemjulisha kwamba tulikuwa tukiomba peke yetu.