Mtani Aliyepokea kwa Mikono Miwili

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Mpanda, na anayetaka kubisha akabishane kwanza na mkwe wangu Tereza, maana yeye ndiye aliyenifungulia mlango jioni ile niliporudi kwa miguu nimejaa vumbi hadi kwenye kope. Sijasoma sana. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo uongo wa kupangilia siuwezi, ungenishinda katikati. Nasema nilichoona. Ukiamini sawa, usipoamini sawa vilevile, hakuna kinachorudi kwangu.

Mwanangu anaitwa Deusi. Ni mtu mzima, ana mke, ndiye huyo Tereza, na anatengeneza simu mjini karibu na stendi. Mama yake alipofariki nikahamia kwake Ilembo. Kazi yangu mimi ilikuwa baiskeli, zile baiskeli za chuma za zamani, sio hizi za leo ukikaza nati kidogo inalia kama mbuzi. Niliacha kazi macho yalipoanza kuona spoku moja kama mbili. Sasa mzee wa baiskeli asiye na baiskeli ni mtu gani? Nilikuwa nakaa tu uani nahesabiwa na kuku.

Basi Deusi akaagiza gari la rimoti. Usidhani la watoto, lile linalogonga kochi likafia hapo. Hili lililetwa kwa basi la abiria, limo ndani ya boksi, na ukifungua boksi hamna gari. Kweli kabisa. Kuna vifuko. Kifuko cha skrubu, kifuko cha gia, vyuma vyembamba, matairi yenye vipele kama chura. Nikamwambia, "Deusi, wamekuuzia skrepa."

Akacheka. "Tata, unalijenga mwenyewe. Ndio utamu wake huo."

Sisi Wafipa baba tunamwita tata. Hata mtu akiota mvi, baba yake ni tata tu.

Tulilijenga jioni kwa jioni, yeye akitoka kazini, mimi nikimngoja mezani nimeshaosha mikono. Yeye alisoma kile kitabu chake cha picha, mimi nilishika. Difu, kile kikasha cha gia kinachozungusha matairi, unaijaza mafuta mazito kama asali. Shokapu unaijaza mafuta mepesi, halafu unaisimamisha wima ungoje mapovu yapande yaishe, la sivyo gari litaruka kama panzi. Deusi hana subira, alitaka kufunga kifuniko mapovu yakiwa bado. Nikamwambia niachie mimi. Kazi ya mzee ni kungoja, na mapovu yanataka mtu wa kungoja. Shokapu zote nilijaza mimi. Na moja nilipachika springi juu chini, gari likakaa mezani limelala upande kama kuku aliyevunjika paja, tukacheka hadi Tereza akaja na mwiko kuuliza kuna nini. Niamini, tangu tumzike mama yake hatukuwa tumecheka hivyo mimi na yeye.

Lilipokamilika nikadhani tumemaliza. Wapi. Akaanza kulipandisha. Enzi zetu aliyepandisha ni mtu mwenye mashetani, anapigiwa ngoma, lakini vijana wa sasa kupandisha gari ni kuling'oa kitu kizima ukaweka kizuri zaidi. Akang'oa bushi za plastiki akaweka beringi. Mota ya kaboni akatoa, akaweka isiyo na kaboni. Mikono ya plastiki inayoshika matairi akabadilisha ya alumini, na hapo nikajifunza kwamba skrubu ikiingia chuma kwa chuma lazima uipake gundi ya bluu, maana mtikisiko unaifungua. Ningejua hiyo gundi miaka ya baiskeli ningekuwa na nyumba ya ghorofa. Lakini tuendelee.

Tulienda kulijaribu Kakese, kwenye majaruba, mpunga umeshavunwa. Jua lilikuwa linaelekea kushuka, limeshakuwa jekundu. Deusi alinibeba na pikipiki yake, boksi tumelikumbatia mimi na mgongo wake. Akaliachia. Mama yangu! Lile dude liliruka tuta, likatua, likaruka lingine, vumbi nyuma kama moshi wa tanuri la matofali. Deusi alikuwa anapiga kelele, "Tata, umeona? Tata, umeona?" Nimeona, mwanangu. Hadi leo naona.

Akalisimamisha mbali kidogo mota ipoe, rimoti akaiweka juu ya siti ya pikipiki. Ndipo tukasikia mtu.

"Nyie Wafipa, radi hamjamaliza kutengeneza, mmeshaanza na magari?"

Alikuwa amesimama juu ya tuta. Shuka lubega, fimbo begani, mchunga ng'ombe kabisa, ila ng'ombe hamna. Sikuona alikotokea. Majaruba ni tambarare, mtu unamwona akiwa bado mdogo kama kidole. Huyu alikuwa amefika tu.

Deusi akajibu papo hapo, maana utani na Wasukuma tumezaliwa nao, wao wanatusema kwa uchawi wa radi, sisi tunawasema kwa ng'ombe. "Kaa mbali, Msukuma wewe. Ukiona kitu kina miguu minne unakitafutia majani."

"Nimeona kinaruka. Nikasema, cha mtani ni changu."

Sasa kama wewe unatoka mahali pasipo na utani, nikueleze. Mtani anaweza kukuvua kofia akavaa yeye. Anaweza kulala ndani ya kaburi la ndugu yako mazishini akagoma kutoka hadi wenye msiba watoe kitu. Hukasiriki, unakomboa kilicho chako kwa kuku, kwa unga, kwa chochote, mnacheka. Ila kuna sheria moja: aliyetoa ndiye anayekomboa. Mwingine hawezi kumkombolea.

Yule mtu akapiga ulimi, koo, koo, kama unavyomwita ndama. Na gari likaja. Naapa kwa mama Deusi alipolala. Rimoti iko juu ya siti, hakuna aliyeishika, na gari likaja polepole likipanda na kushuka, likasimama kwenye miguu yake.

Deusi akaangalia rimoti, akaangalia gari. "Mawimbi yameingiliana," akasema. Nikamwambia kwa Kifipa, tuondoke. Hakunisikia. Alikuwa amefurahi, unajua, mtu mzima kalisifia gari lake.

"Nipe hili," yule mtu akasema.

"Hili hapana, mtani. Hili nimelijenga kwa mikono yangu."

"Mchoyo kama mama yako. Nipe basi kitu chochote, nisiondoke mikono mitupu."

Deusi akanigeukia anacheka meno yote nje. "Mchukue huyu mzee! Hali chakula kingi, hasumbui, na anajua kungoja."

Mimi pia nilicheka. Ungefanya nini? Ni utani.

Yeye hakucheka. Mtani asiyecheka, ndugu yangu, huyo si mtani, mkimbie. Aliiweka fimbo chini, akapiga goti kidogo, akakinga mikono miwili pamoja kama mtu anayepewa kitu na mkubwa wake. "Nimepokea," akasema.

"Sasa utambeba vipi?" Deusi bado anacheka.

"Kumbeba wa nini? Mwenye ng'ombe wengi haondoki nao wote. Wengine anawaacha kwa watu, wanamlishia. Huyu akae hapo hapo kwako, umlishe." Akaokota fimbo. "Ila si wako."

Akaondoka kwa kufuata tuta, na mimi, sijui kwa nini, nikaenda kutazama pale aliposimama. Vumbi la pale ni laini kama unga wa muhogo, linashika hata mguu wa njiwa. Alama za matairi ya gari zilikuwepo, zimekuja, zimesimama. Za miguu yake hamna. Pale alipolaza fimbo hamna hata mstari.

"Deusi! Njoo uone!"

Deusi alikuwa anafunga boksi nyuma ya pikipiki, pale pale nilipokuwa nimekaa mimi wakati wa kuja. Akainua kichwa, akaniangalia kwa adabu, kama unavyomwangalia mpita njia.

"Shikamoo mzee," akasema. "Unaelekea wapi? Ningekupa lifti, ila boksi limejaza siti."

Akawasha, akaenda.

Nilidhani ni utani unaendelea. Nilitembea kutoka Kakese hadi Ilembo natukana peke yangu, nikipanga nitakavyomchapa maneno. Giza lilikuwa limeingia Tereza aliponifungulia. "Baba! Mbona Deusi kasema alienda peke yake?"

Deusi akatokea nyuma yake ameshika sahani ya ugali. "Karibu mzee. Tereza, huyu ni wa upande wenu?"

Tereza akacheka. Halafu akaacha kucheka. "Wewe Deusi, huyu ni baba yako."

"Baba yangu alifariki nikiwa mdogo. Si unajua?"

Alisema bila hasira. Angesema kwa hasira ningeshukuru, kwa sababu hasira unamkasirikia mtu unayemjua. Akanivutia kiti. Akanikaribisha ugali wangu mwenyewe, unga niliopeleka mimi mashineni.

Tulimpeleka hospitali, wakampima kichwa, kizima. Anajua jina la mwenyekiti wa mtaa, anajua mama yake kazikwa wapi, anajua kila simu iliyoingia mezani kwake. Padri alimwombea, akaitikia amina vizuri kuliko sisi. Majirani? Wengine wakasema tumegombania kiwanja. Wengine wakasema mzee kamroga mwanawe. Na kuna mmoja, mama mmoja mwenye mdomo kama mfuko uliotoboka, alisema labda kijana kagundua kwamba mzee hakumzaa. Wanasema hayo nikiwa napita. Uzee unakuziba masikio, lakini si kwa maneno kama hayo.

Nikaenda Sitalike kwa mzee mmoja Msukuma, mtani wangu wa siku nyingi. Nilipomaliza kumsimulia hakunitania hata kidogo, na hilo lilinitisha kuliko yote.

"Huyo si wa kwetu," akasema. "Lakini sheria aliyoshika ni ya kwetu, ndio maana imeshika. Aliyetoa akomboe. Na akomboe kwa kile alichonyima."

"Gari?"

"Gari. Aliweke juu ya tuta kwa mkono wake, aseme namkomboa tata. Wewe ukiliiba ukalipeleka, umepeleka chuma tu."

Umeelewa ubaya wake? Mtu atamkomboaje asiyejua kwamba alimtoa?

Nilijaribu. Nikamkuta mezani, gari limefunguliwa, anabadilisha mafuta ya shokapu. Nikamwambia, Deusi, hilo gari lipeleke Kakese ukaliache, nakuomba. Akanicheka kwa upole. "Mzee, hili nimelijenga peke yangu, skrubu kwa skrubu. Nitaliachaje majarubani?"

Peke yangu! Nikamwuliza, shokapu nani alijaza? Akasema, mimi. Mapovu nani alingoja? Mimi, mzee, kazi ya subira hiyo. Na akaanza kunisimulia, anacheka, jinsi siku moja alivyopachika springi juu chini gari likalala kama kuku aliyevunjika paja. Kicheko kile kile. Alikuwa amekibeba chote kwenda upande wake, mimi nimefutwa mezani kama grisi. Nilitoka nikaenda kulia nyuma ya choo, mtu mzima.

Tereza naye alimshikia bango, gari au mimi, hadi ikawa ugomvi, hadi akafunga nguo zake kwenye mfuko wa shangazi kaja aende kwao. Nikamwambia, Tereza mama, acha. Ukiondoka na wewe, nani katika nyumba hii atajua mimi ni nani?

Kwa hiyo niko hapo. Nalala chumba cha nyuma, Deusi anadhani mimi ni mjomba wa mke wake. Ni kijana mwema, sitamsingizia. Ananinunulia dawa ya miguu, mvua ikivuja ananihamishia kitanda. Ananilisha, kama alivyoambiwa. Gari kalipandisha tena, sasa lina matairi mapya, Jumapili anaondoka nalo na boksi limekaa kwenye siti. Kila asubuhi akipita mlangoni kwangu ananiamkia, "Shikamoo mzee," na mimi najibu, "Marahaba, mwanangu." Nalisema taratibu, nalitia uzito wote nilionao. Lakini kila mzee anamwita kila kijana mwanangu, kwa hiyo halimshtui. Anaenda zake kazini.

Nyie mnaopenda utani, taniana, siwakatazi, sisi tumekulia humo. Lakini ukiombwa kitu, toa kitu au nyima kitu. Mtu usimtaje, hata kwa kucheka. Hujui nani amekinga mikono.