Nanga ya Baba Mdogo

Kijijini kwetu Iramba hakuna aliyewahi kuiona bahari isipokuwa baba mdogo, aliyekaa Tanga miaka mingi akikata mkonge. Alirudi baba yetu alipokufa, miezi michache baada ya mama kufa kwa uzazi, akaja na neno moja la kila kitu. Nanga. Lori lililosimama Shelui limetia nanga. Mzee aliyesinzia penye pombe ametia nanga. Mimi, niliyeacha shule darasa la tatu ili niwalee wadogo zangu, nilikuwa nanga yenye kutu.

"Mwanamke hana mji," aliniambia. "Ng'oka, ukaolewe."

Nililichukia neno lake kabla sijamchukia mwenyewe.

Alichotaka ni ng'ombe wetu wa maziwa, tuliyebaki naye mmoja tu. Mdogo wangu wa mwisho hakuwa ametimiza mwaka. Bila maziwa yale asingeishi. Asubuhi moja nilimkuta ng'ombe amefungwa kwenye jiwe kubwa, mbele ya mlango wa baba mdogo.

"Nimemtia nanga. Mguse nikuone."

Nilimfungua. Akanipiga kofi. Nikamkamua huku shavu likiwaka. Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa.

Siku ya nne alimwita jumbe aje aniamuru. Jumbe aliitikia shikamoo zetu, akaketi, wala hakulitazama lile jiwe.

"Zizi hapa anafunga nani?"

Kwetu, anayeweka miti kwenye mlango wa zizi jua likizama ndiye mwenye mji. Kila mtoto alilijua hilo. Baba mdogo alikuwa amelisahau huko pwani, na kila jioni yeye alikuwa kwenye pombe.

"Si ni huyu hapa," akasema, akininyooshea kidole. "Hiyo ni kazi ya watoto."

Mama jirani, aliyekuja kusikiliza, akaangua kicheko. "Umejimaliza mwenyewe, mtu wa pwani!"

"Basi umeshajibu," jumbe akasema. "Ng'ombe ni wa huyu. Wewe kaa kwa adabu ya mgeni."

Hakukaa. Alibeba sanduku lake, akatema mate mlangoni pa zizi.

"Utaniita wewe!"

Jioni ile niliweka miti kama kawaida. Sikumwita. Hata habari za kifo chake zilipotufikia, sikuuliza amezikwa wapi.