Bidoni ya Mazutu Niliyoitoa Sadaka

Nimefundisha kemia hapa Bunia miaka mingi, na kila mwaka likifika somo la mafuta ya ardhini na plastiki, nabadilika. Ninakuwa mkali, ninafoka ovyo. Wanafunzi wanadhani ni somo ndilo gumu. Waache wadhani hivyo.

Somo lenyewe ni jepesi. Mafuta yanayotolewa ardhini ni mchanganyiko wa minyororo ya kaboni, mifupi kwa mirefu. Kiwandani wanayachemsha ili kuyatenganisha. Minyororo mifupi inatoka upesi, ndiyo esansi ya pikipiki. Halafu petroli ya taa. Halafu mazutu, wengine wanaita dizeli, ya malori na ya grupu, zile mashine za kutupatia umeme. Chini kabisa inabaki lami, ambayo sisi enzi hizo tulikuwa tunaisikia tu. Sasa chukua kipande kidogo cha mafuta hayo, chenye kaboni mbili tu, ukiunganishe na vingine kama hicho maelfu kwa maelfu. Utapata plastiki ya bidoni ya njano, lile dumu ambalo kila nyumba inalo. Kwa hiyo bidoni na mazutu ni ndugu wa damu. Ukiyaweka mazutu humo muda mrefu, hayatulii ndani kama maji. Yanapenya kwenye ukuta wa plastiki wenyewe, polepole, na kufanya makao humo. Sabuni haiyafikii. Ukiweka maji, huenda usisikie harufu yoyote. Lakini mimina mafuta ya kupikia, hasa yakiwa ya moto, uone: yale yaliyojificha yatatoka kuyafuata.

Hayo niliyajua tangu chuo, tena nilifaulu mtihani wake vizuri. Nayasema mapema ili mtu asije akanitetea.

Wakati huo vita ilikuwa imetulia. Maana yake tulikuwa tumeanza kulala bila viatu, lakini viatu tuliviacha karibu na mlango. Watu wa Djugu walikuwa bado wanaingia mjini na magodoro kichwani. Nyumba ya tatu kutoka kwangu, kule mtaa wa Bigo, alipokelewa mama mmoja na watoto wake wanne. Bwana yake hakufika naye, na hatukumuuliza sababu. Sisi wenyewe wazee wetu walitoka Kivu ya Kaskazini kuja kufanya biashara, na hatukuwa na neno na mtu. Lakini wakati ule kila mmoja alikuwa anamtazama mwenzake mara mbili.

Yule mama alianza kuuza mawese. Aliyanunua kidogokidogo kwenye malori yanayotoka njia ya Nia-Nia, akayauza kwa vikombe mbele ya nyumba. Bunia kuna baridi asubuhi, mawese yanaganda, kwa hiyo wauzaji huyapasha kwenye sufuria kwanza, halafu wanayamimina ya moto kwenye bidoni kabla ya kutoka. Naye alifanya vile, lakini kwa vichupa vidogovidogo vya kuokota, maana bidoni hakuwa nayo.

Siku moja kwenye shirika, kikundi chetu cha kusali cha mtaa, katekista akatuomba tuwasaidie waliokimbia. Kila mtu akataja atakacholeta. Nyumbani nilikuwa na bidoni mbili za lita ishirini. Moja ilikuwa mpya, haijaingia kitu. Nyingine ilikuwa imekaa na mazutu ya grupu yangu zaidi ya mwaka, hata rangi yake ilikuwa imegeuka. Nikasimama nikasema mimi nitatoa bidoni. Watu wakapiga makofi. Kufika nyumbani nikaitazama ile mpya, nikaona ni nzuri mno, nikachukua ile ya mazutu.

Mama aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua kifuniko, akanusa.

"Prof, ilikuwa na nini?"

"Mazutu," nikamwambia. "Lakini osha na sabuni tu, mama. Itaisha."

"Kama ni prof anasema, basi."

Nilimwona akiiosha siku tatu. Sabuni, majivu, mchanga, majani ya mlimau, anaitikisa mpaka kanga inalowa. Nilipita njiani nikamsalimu. Ningeweza kusimama pale nikasema, mama, acha kujichosha, hii haiwezi kusafishika, njoo nikupe nyingine. Nilikuwa nachelewa kwenda kusahihisha mitihani, eti.

Haikupita juma, muzee mmoja wa mtaa akafariki. Kwetu kilio ni cha wote: huyu analeta kuni, yule unga, mwingine anafunga maturubali. Yule mama wa Djugu, ambaye hakuna aliyemwomba kitu, akaleta mawese ya kupikia sombe, yale majani ya muhogo. Hakuleta kikombe. Alileta nusu bidoni, mtaji wake karibu wote. Nadhani alitaka aonekane kuwa sasa na yeye ni mtu wa mtaa.

Saa ya kula ilipofika, tuliokaa chini ya turubali tukaanza kutazamana. Mmoja akaweka sahani chini. Mwingine akatema.

"Hii sombe iko na harufu."

"Ni mazutu hii."

"Nani alileta mawese?"

Wanawake wa jikoni wakageuza macho kwa yule mama wa Djugu. Alikuwa amesimama karibu na masufuria na mwiko mkononi. Kijana mmoja, mpwa wa marehemu, akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Siye tunawapokea, na wao wanatuletea sumu." Neno hilo si la mchezo kwetu. Nimeona watu wakifukuzwa mtaani kwa neno hilo, na wengine hawakubahatika hata kufukuzwa. Wanaume watano, sita, wakasimama.

Ndipo muzee wa avenyu, mkubwa wa barabara yetu, akaniita. "Prof, weye ndiye unajua hizi vitu. Nusa, utuambie."

Wakaniletea bidoni. Bidoni yangu! Nilitambua hata ile alama ya kuungua karibu na mshikio. Nikanusa, ingawa sikuwa na haja ya kunusa. Yule mama alinitazama bila woga wowote. Alikuwa ananingoja. Hakusema kwamba bidoni ilitoka kwangu, kwa sababu aliona si adabu kuyasema hayo mbele ya watu wakati mwenyewe nipo na mdomo ninao.

Nikasema: "Hii si sumu. Ni mazutu tu. Bidoni haikuoshwa vizuri."

Basi. Wale wanaume wakakaa. Muzee wa avenyu akanishukuru kwamba nimetuliza mambo, akasema ndiyo maana tunasomesha watoto. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia raha kidogo. Nilijiambia nimemwokoa.

Mama aliangalia chini. "Ni kweli," akasema. "Pengine sikuosha muzuri."

Wakamwaga sombe yote shimoni. Mke wangu aliijua bidoni ile, ndiye aliyenitolea stoo. Zamani alikuwa ananitania nyumbani, ananiita prof, "prof chakula kiko tayari", "prof mtoto analia". Toka siku ile hajaniita hivyo tena.

Jumatatu nikaingia darasani, na somo la siku lilikuwa lilelile. Nikachora mnyororo wa plastiki ubaoni, nikaeleza jinsi mafuta yanavyoingia ndani yake. Msichana mmoja wa mbele, ambaye naye alikuwa kwenye kilio, akanyoosha mkono.

"Prof, basi ile bidoni ingeoshwa hata mwezi mzima, isingetoka?"

Nikageuka kufuta ubao. Nikamwambia swali hilo haliko kwenye programu, tuendelee. Akaandika kitu kwenye daftari lake, sijui ni nini. Mpaka leo natamani kujua, na naogopa.

Mtaani mama hakupata tena wanunuzi. Hakuna aliyemtukana. Watu walipita tu mbele ya meza yake wakiwa na vikombe vyao, wakaenda kununua mbali. Walianza kumwita mama mazutu, watoto wake wakiitwa hivyo hivyo kisimani. Nami nilikuwa naipanga ile hotuba yangu kila Jumapili: leo kwenye shirika nitasimama, niliposimama kutoa bidoni ndipo nitakaposimama kusema ukweli. Nikifika pale nabaki nimekaa. Wakiuliza nani atasali, nasali mimi, tena sala ndefu.

Baada ya miezi miwili akapata gari la kumpeleka upande wa Nia-Nia, kwa ndugu ya bwana yake. Asubuhi ya kuondoka alikuja kwangu, mtoto mgongoni, bidoni mkononi. Ilikuwa inang'aa. Alikuwa ameiosha tena, na mshikio wake ameufunga kitambaa safi.

"Prof, nimekuja kukurudishia kitu yako," akasema. "Ulinipa na roho nzuri, na mie nikakuletea aibu mbele ya watu. Unisamehe. Nimejaribu kabisa, lakini harufu imenishinda."

Mke wangu alikuwa mlangoni, anasikia. Ile bidoni mpya ilikuwa nyuma yake, kwenye kona, bado haijaingia kitu. Mama alikuwa ananingoja tena, kama siku ile ya kilio.

Nikapokea bidoni. Nikamwambia: "Haina neno, mama. Nimekusamehe."